Baba Mkwe Anapita Bondeni

Kazi yangu ni kutangaza. Mji wa Kyela ni tambarare, unaweza kuuzunguka wote kwa baiskeli bila kushuka kusukuma, nami mwanamke mzima huuzunguka karibu kila siku nikiwa na spika ya mkono imening'inia shingoni. Chanjo ya watoto, ni mimi. Mbuzi aliyepotea, ni mimi. Msiba, mkutano wa mtaa, maji ya bomba kukatika, ni mimi tena. Watoto wakisikia kengele ya baiskeli yangu wanaanza kuniigiza kabla hata sijafungua mdomo, na wengine wananipita kwa ufundi.

Katika kazi hii nimejifunza jambo ambalo shuleni sikufundishwa: sentensi lazima iishe kabla baiskeli haijaipita nyumba. Mama aliyeko jikoni, samaki wake mbasa yuko kwenye mafuta, hatoki nje kuja kunisikiliza. Anachukua kile kinachoingia dirishani. Nikisema neno refu, yeye anapata kichwa, jirani anapata mkia, na katikati hapo hakuna aliyeshiba. Ndiyo maana nina ugomvi wa kudumu na karatasi za maofisini. Wanaandika kana kwamba msikilizaji amefungwa kamba kwenye kiti.

Sasa niseme habari za bonde, na za mama yangu, maana huwezi kusema moja ukaacha nyingine.

Mama anaishi pembeni mwa bonde lililo nyuma ya soko. Nyumba yake ni ya matofali ya kuchoma, ina ngazi za saruji mlangoni, migomba upande mmoja, miti ya kakao upande mwingine, na kaburi la baba mbele, limepakwa chokaa nyeupe. Uwanja anaufagia asubuhi na jioni. Sisi Wanyakyusa tuna ugonjwa huo wa usafi, na kwa mama ugonjwa umekomaa. Jani likidondoka wakati anaongea na wewe, mdomo unaendelea na mazungumzo lakini jicho limeshakwenda kulifuata.

Zamani bonde lile lilikuwa la vyura na matete. Mvua ikinyesha lilijaa, ikikata likakauka pole pole, na hakuna aliyelitazama mara mbili. Kisha soko likakua. Watu wakaanza kumwaga kifusi, maganda ya nazi, viatu vilivyochoka, kila kitu kisicho na mwenyewe. Bonde likapanda juu. Maji ya masika yalipokuja yakakuta pao pamejaa, yakaanza kumtembelea mama.

Mwaka juzi yalifika kitandani. Mdogo wangu wa kiume, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mbeya, ambaye mama humwita tata, yaani baba, alikuja akakuta godoro limetundikwa kwenye mgomba na mama yuko mlangoni anasukuma tope kwa ufagio kana kwamba ni vumbi la kawaida. Ni mtu mpole, na mpole akikasirika huwa anaongea taratibu.

"Mama, yakiingia ndani tena, unakuja kwangu. Siyo kutembea. Kukaa."

Mama akapangusa mikono. "Yakiingia ndani tena, nitapanda gari."

Niliogopa, kwa sababu namjua mama. Akisema hapana unaweza kumbembeleza, lakini akisema ndiyo, imeisha. Ukweli ni kwamba kwa mdogo wangu hakuna ubaya wowote: nyumba nzuri, wajukuu, mkwe mwenye adabu. Ila kuna baridi, na mama anaogopa baridi kuliko anavyoogopa nyoka. Na kuna kaburi la baba, ambalo kila asubuhi analifagia akimsimulia nani amezaa na nani amegombana na nani. Nani angemsimulia? Mimi naweza kutangazia mji mzima, lakini kwa baba sina sauti hiyo.

Mdogo wangu akaleta sweta, zito, la kahawia, kama mahari ya safari. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akasema ndaga fijo, yaani asante sana, akalizamisha chini kabisa ya sanduku.

Kiangazi kile ndipo mradi wa bonde ulipokuja. Mwenyekiti wa mtaa aliniita nitangaze mkutano, nikatangaza kwa namna yangu: bonde la sokoni lifukiwe au liachwe, njooni mseme. Walikuja wengi mpaka wengine wakakaa kwenye baiskeli zao. Mtaalamu alikuwa kijana mmoja mhandisi, mwembamba, mwenye buti la mpira lililojaa matope ya kweli. Siku zote za juma lile alikuwa amelitembea bonde lenyewe na si ofisi. Nilimpenda mara moja. Kisha akafungua mdomo.

"Tunapendekeza suluhisho zitokanazo na mazingira asilia," alisema, "kwa ajili ya kujenga ustahimilivu wa mji dhidi ya athari za mabadiliko ya tabianchi, kupitia urejeshaji wa ardhioevu."

Niliangalia watu. Walikuwa na zile nyuso za kanisani wakati wa hesabu za ujenzi. Mzee mmoja akanyoosha mkono kwa heshima zote, akauliza kitu hicho kitaletwa lini, na kitakuja na lori au kwa meli kupitia bandari ya Itungi. Watu wakavunjika mbavu. Kijana wa watu akacheka nao, lakini masikio yalimwiva.

Ndipo akasimama mwenye duka la nafaka lililo jirani na bonde, mwanamke Mwislamu ambaye babu yake alikuja huku na biashara kutoka pwani. Ni rafiki yangu wa miaka, na akisimama kusema watu husikiliza. "Mimi naona lifukiwe," alisema. "Tujenge fremu za maduka. Maji yatajitafutia njia."

Njia hiyo nilikuwa naijua. Ina ngazi za saruji na kaburi jeupe mbele yake.

Mwenyekiti akaona watu hawajaelewa wanachochagua, akaahirisha. Juma lijalo tutaamua, alisema, na katikati hapo mimi nipite nikieleza. Mtaalamu akanikabidhi karatasi zake. Nikasoma ukurasa wa kwanza, nikamrudishia.

"Baba, hii nikiisoma barabarani nitafika Ipinda sijamaliza sentensi."

Tukaenda bondeni pamoja, nikisukuma baiskeli yangu, naye akielekeza kwa kidole. Hapa tutatoa kifusi. Hapa tutapanda matete, pale majani marefu ya mabingobingo, kule mianzi na migomba. "Maji yakipata pa kupumzika," alisema, "hayana haja ya kuingia kwa watu. Majani yanayapunguza mwendo. Mizizi inafungua udongo, maji yanazama. Yanayobaki yanatoka kidogo kidogo kuelekea mashambani hadi ziwani."

Nilisimamisha baiskeli. "Kwa nini hukusema hivyo kwenye mkutano?"

Akajikuna shingo. "Niliogopa wangesema sijasoma."

Jioni ile nilikwenda kwa mama. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, na kama kawaida yake mikono ikiwa na kazi mdomo nao unatafuta yake. Akaanza kunisimulia kisa ambacho nimekisikia tangu sijaota meno, cha siku alipokutana na baba mkwe wake.

Kwa wasio wa huku nieleze. Zamani, na bado kwa baadhi ya familia, mke wa mtu hakutani na baba wa mumewe. Hamwangalii usoni, hatamki jina lake, hakai naye chumba kimoja. Wenyewe tunaita kutila, kuogopa kwa heshima. Akimwona anakuja njiani, anatoka njiani.

Mama alikuwa bibi harusi mpya Bujonde, ana mtungi kichwani, yuko juu ya tuta katikati ya mashamba ya mpunga. Mara baba mkwe huyo anakuja, juu ya tuta hilo hilo. Hakuna kichaka, hakuna mti. Mama akashuka ndani ya mpunga na mtungi wake, akachuchumaa mpaka majani yakamfunika. Mzee alishamwona, bila shaka, mtungi ulikuwa unachungulia. Lakini akakohoa, akapunguza mwendo, akageuzia uso milimani, akapita kama vile shambani mna mpunga tu.

"Alikuwa mtu mzuri sana," mama alisema akifuta machozi ya kucheka. "Uso wake sikuujua vizuri mpaka siku ya kumzika."

"Na kama ungekataa kumpisha?"

Mama akanitazama kama niliyeuliza kama ng'ombe wanataga. "Baba mkwe hazuiwi. Unampisha, anapita, kila mtu anabaki na heshima yake."

Nilishindwa kumaliza chai. Nilifika nyumbani nikajaribu maneno yale ya mama mbele ya kioo, moja moja, nikipima kama yatatosha dirisha moja moja.

Asubuhi nikaingia barabarani. "Ndaga, majirani. Maji ya masika ni baba mkwe." Nyumba ya kwanza. "Atakuja, tupende tusipende." Ya pili. "Hazuiwi. Anapishwa." Ya tatu. "Bonde ndiyo njia yake." Ya nne. "Tukilifukia, atapita sebuleni." Nilisikia sufuria ikidondoka mahali fulani na mwanamke akicheka peke yake. Nilipozunguka mara ya pili, watu walikuwa wametoka kwenye vibaraza wakisubiri. Mzee yule aliyeuliza habari za lori alinisimamisha. "Kwa hiyo kile kitu cha kijana ndiyo hicho?" Nikamwambia ndicho. "Angesema," alijibu, akaendelea na kahawa yake.

Dukani kwa rafiki yangu mambo yalikuwa tofauti. Alinisubiri amejishika kiuno.

"Shoga, hiyo habari yako mimi hainiingii. Sisi baba mkwe tunakaa naye, tunakula naye sahani moja."

Alikuwa na haki. Nikatafuta upande wake. "Haya. Akija mgeni kwenu, ana vumbi na mizigo, humjui vizuri. Mnampeleka chumbani?"

"Anakaa barazani kwanza. Anapewa maji."

"Basi bonde ndilo baraza la mji. Ukivunja baraza ujenge fremu, mgeni huyu atakaa wapi?"

Aliangalia magunia yake ya mchele, kisha mlango wa duka, kisha bonde. Akaniwekea maandazi kwenye mfuko, na kwake hiyo ni lugha.

Mkutano wa pili ulikuwa mfupi. Bonde liachwe, lisafishwe kifusi, lipandwe. Mama alinyoosha mikono yote miwili mpaka mwenyekiti akamwambia mmoja unatosha. Mtaalamu alisimama nyuma akicheka, na alipoombwa neno akasema, "Nampokea baba mkwe," akakaa. Alipigiwa makofi kuliko mbunge.

Kifusi kikatolewa. Mvua za kwanza zilipoanza tukapanda, na udongo wa Kyela ukishashika kitu haukiachi. Kufikia mwaka mpya matete yalinipita urefu. Vyura walirudi, na kelele zao nilizionea wivu. Mvua ndogo zilikuja, maji yakakaa bondeni yametulia, siku ya pili hayapo. Mama alikuwa anavuta kigoda mlangoni anaangalia kama mtu anayeangalia mechi. Nami nilianza kulala vizuri.

Karibu na masika makubwa nikapita nikitangaza: "Baba mkwe yuko njiani. Tujiandae." Niliona ni tangazo zuri. Kesho yake nilikwenda Itungi kwa kazi nyingine, nikalala kwa ndugu, nikarudi siku iliyofuata nikiwa na samaki kwenye kikapu cha baiskeli na wimbo mdomoni.

Nilipokata kona ya soko wimbo ulikatika. Bonde lilikuwa jeupe. Hapakuwa na tete hata moja lililosimama. Mabingobingo yalikuwa yamefyekwa yote, yamekusanywa pembeni yakiwa yamefungwa matita kwa kamba za mgomba. Mianzi ilikuwa imekatwa usawa mmoja. Na chini, kuanzia ukingo mpaka ukingo, udongo ulikuwa umefagiliwa, na michirizi ya ufagio imepangwa vizuri kama misuko ya nywele. Wanawake wa mtaa mzima walikuwa wamekaa ukingoni wakinywa chai kutoka dukani kwa rafiki yangu, majembe na mapanga yamelazwa, nyuso zinang'aa kwa jasho na furaha.

Hasira zilinipanda mpaka masikioni. Nilishika spika, nikaiwasha, nikaipeleka mdomoni. Nilikuwa tayari kusema maneno ambayo mji ungeyakumbuka. Ndipo akainuka mtu mmoja katikati yao, kanga kiunoni, ufagio mkononi, amechoka, amefurahi kama siku ya harusi. Mama yangu.

"Umeona?" alisema. "Tumeanza alfajiri ya jana. Sasa aje."

Nikazima spika.

Nilielewa palepale, na sikuhitaji kuuliza. Niliwaambia baba mkwe anakuja, wajiandae. Kuna Mnyakyusa gani anampokea mkwe kwenye majani? Wangeruhusu mzee wa heshima apite katikati ya magugu, mbele ya mlango wa mama? Nilikuwa nimewaeleza kwa lugha waliyoielewa, na walikuwa wameielewa mpaka ikapitiliza. Nilianza kucheka. Sikutaka kucheka, kicheko kilitoka chenyewe na machozi yakaja nyuma yake, kwa sababu nilikuwa namwona mama amevaa sweta la kahawia kwenye dirisha la nyumba ya watu, na ni yeye aliyejifagilia njia ya kwenda huko.

Mtaalamu alifika kwa pikipiki. Alitazama bonde, akavua kofia, akaketi juu ya jiwe. Wanawake wakamletea kikombe cha chai. Akakipokea, akasema asante, akakishika bila kunywa. Kwa adabu ile nilizidi kumpenda.

Kisha nikamwendea mama. "Siku ile ya Bujonde, juu ya tuta. Ulijificha wapi?"

"Si kwenye mpunga? Unakijua kisa."

"Na kama mpunga ungekuwa umeshavunwa?"

Mama aligeuka akaliangalia bonde lote, kutoka sokoni mpaka ngazi za nyumba yake, wazi kabisa, hakuna hata pa kuficha kuku. Wanawake waliokuwa karibu nao wakageuka. Niliona jambo likipita kwenye nyuso zao moja baada ya nyingine.

"Basi atatukuta uchi njiani," mama alisema polepole.

"Majani ndiyo pa kujificha," nilisema. "Yeye akiyaona anakohoa, anapunguza mwendo, anageuza uso, anapita. Akikuta peupe, mama, atakuja moja kwa moja mpaka kwako."

Mama alijishika kichwa. Rafiki yangu wa dukani, ambaye chai yake ilikuwa imewapa nguvu ya kufyeka, aliweka birika chini. "Mimi nilisema hainiingii," alisema, na hapo kila mtu akaangua kicheko, hata mama, hata mhandisi pale juu ya jiwe. Kikavunja aibu yote.

Mhandisi alikuwa ameshapiga magoti, anafukua kwa vidole. "Wamefyeka, hawajang'oa," alisema. "Mizizi ipo. Matete yataamka yenyewe. Mabingobingo haya tuyakate vipande tuyachomeke tena. Mianzi nayo tuchomeke vipande, kwa mstari, vikingame. Yakirudi hadi magotini kabla ya mvua kubwa, tunaweza kupona." Alisema yote hayo kwa maneno ya kawaida kabisa, na hakuna aliyedhani hajasoma.

Niliwasha spika tena. Sijawahi kupiga pedeli kama siku ile. "Bibi harusi hana pa kujificha." Nyumba moja. "Leteni majani." Nyumba nyingine. "Mkwe yuko Ipinda." Hiyo nilitia chumvi. Nilikwenda mpaka mwisho wa lami na kurudi, sauti ikaanza kukwaruza kama redio mbovu.

Nao wakaleta. Hicho ndicho kitu nitakachokikumbuka nikizeeka. Kutoka Bujonde walikuja na machipukizi ya migomba, kutoka pwani ya ziwa wakaja na matete yamefungwa kwenye baiskeli mpaka mwendeshaji haonekani, na barabara ya soko ilijaa vichaka vinavyopiga kengele. Waliofyeka ndio waliopanda. Mama alichomeka vipande kwa mstari ulionyooka kabisa. Alisema kama ni kichaka basi kiwe kichaka cha watu wenye akili. Ufagio wake alimkabidhi mwenye duka, akamwambia autunze mpaka mvua ziishe, yeye asije akajisahau akafagia tena.

Mvua kubwa ilikuja asubuhi moja, siku ambayo majani yalikuwa yamefika magotini na mahali pengine chini ya hapo. Ilianzia milimani, nikaona safu yote imetoweka, halafu ikatushukia. Nilimpigia simu mdogo wangu kwa sababu tulikuwa tumekubaliana hivyo. Akasema anashuka na gari. Nikapanda baiskeli kwenda kwa mama, nikafika nimelowa mpaka mifupani.

Begi lilikuwa mlangoni, limefungwa. Alikuwa amesema, na angetimiza. Amevaa gauni la kanisani, amekaa kwenye kigoda, na sweta la kahawia liko magotini mwake, limekunjwa.

Tulikaa tukaangalia. Maji yaliingia bondeni kutoka upande wa soko yakiwa mekundu na yana haraka, yamebeba chupa na maganda. Yakafika kwenye mstari wa mianzi, yakasitasita. Takataka zikanasa. Yakatawanyika kwenye matete, majani mafupi yale yakalala, yakainuka, yakalala. Yakapanda. Yakafunika majani ya chini, yakaingia uwanjani, yakalamba miguu ya migomba. Yakafika kwenye kaburi la baba, yakalizunguka. Mama alishika mkono wangu. Nilitaka kuomba, nikakuta maneno yote niliyokuwa nayo ni ya matangazo.

Yakagusa ngazi ya chini, yakasimama hapo.

Tulingoja. Sijui ni muda gani. Mvua ilianza kupungua, na nikaona kijani kinarudi bondeni, ncha kwanza, halafu majani, na maji yakigeukia upande wa mashamba, pole pole, yakiwa yametulia, yana mwendo wa mtu mzima. Mama aliinuka. Akavuta kanga akajifunika kichwa, akageuzia uso ukutani, akasimama vile, nami nikaona mabega yake yanatikisika. Sikujua kama analia au anacheka mpaka nilipoinama nikamwona. Alikuwa anafanya vyote viwili.

Wakati huo huo mdogo wangu akatokea kwenye njia ya uwanjani, suruali imekunjwa, viatu vya ofisini mkononi, anaita kwa sauti kuuliza kama mizigo iko tayari.

"Toka njiani, tata," mama alimwambia bila kugeuka. "Baba mkwe anapita."

Mdogo wangu alinitazama mimi, akatazama ngazi, ile ya juu bado kavu, na begi lililofungwa. Niliona ameelewa. Mtu mzima mwenye duka Mbeya akashuka njiani, akasimama kwenye tope katikati ya migomba, ameinamisha kichwa, mpaka maji yalipoondoka kwenye kaburi la baba yetu.

Kisha mama akafunua uso, akamwita aje ajikaushe. Akachukua sweta la kahawia, akalikung'uta, akamvisha mdogo wangu mabegani.

"Urudi nalo," alisema. "Baridi iko huko kwako."